Betri Niliyompa Magesa

Nyakato, Mwanza
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mama aliniambia bado unakohoa asubuhi, na kwamba viboko wamemaliza mihogo ya upande wa ziwani. Poleni sana. Mimi mwili ni mzima.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nimekupigia simu mara tatu nikuambie jambo hili, na mara zote nimeishia kuuliza habari za mvua.

Najua nimesemwa huko kwa kutofika kwenye mazishi ya Magesa. Nilimwambia mama kwamba nimenyimwa ruhusa kazini. Si kweli, ruhusa nilipewa. Nilijifungia chumbani kwa sababu nilishindwa kufikiria nitamtazamaje shangazi. Betri iliyomuunguza mwanawe ilitoka mikononi mwangu.

Unajua karakana yetu inafungua betri kuukuu za lithiamu, inachagua seli ambazo bado zinafaa, kisha inaziunganisha upya kwa ajili ya taa za wavuvi wa dagaa. Mimi ndiye ninayepima kila seli na kubandika karatasi ya kijani kwamba imepimwa.

Wewe umefundisha sayansi miaka yote, utanielewa. Ndani ya seli kuna elektroliti, kimiminika kinachowaka upesi kama petroli. Seli ikichajiwa mara ya kwanza kabisa, sehemu ndogo ya kimiminika hicho huvunjika juu ya kaboni ya upande hasi na kuacha utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo hupitisha lithiamu na kuzuia kimiminika kisiendelee kuliwa. Ndio unaoifanya betri iwe salama. Sasa, seli ikiachwa miezi mingi mpaka ikafa kabisa, utando unaharibika, na shaba iliyo chini ya kaboni inaanza kuyeyuka. Ukiichaji tena inaamka, lakini inajenga utando mpya kwa kula kimiminika kilichobaki. Gesi inajaa ndani, na ile shaba inaweza kuganda mahali pasipo pake mpaka ikaunganisha pande mbili zisizotakiwa kugusana. Ikifika hapo ni moto.

Seli za namna hiyo zilikuja nyingi mwaka huu. Nilimwambia mwenye karakana kwamba zinapaswa kutupwa. Akachukua mita, akapima moja mbele yangu.

"Mita inasema nzima," alisema. "Wewe unabishana na mita?"

Sikubishana, baba. Nilizichaji polepole, nikajiambia kwamba utando utarudi, nikabandika karatasi.

Magesa alivuka kutoka Kamanga siku ambayo giza la mwezi lilikuwa linaanza, wavuvi wenzake wote wakijiandaa kuingia ziwani na taa zao. Alitaka betri siku hiyohiyo. Seli zilizoamshwa zilitakiwa kukaa wiki mbili tuzitazame, na za betri pekee iliyokuwepo zilikuwa zimekaa siku moja. Nilipoishika ile betri, upande mmoja ulikuwa na joto kidogo. Nilihisi kwa kiganja changu.

"Dada, hii ni nzima?" akaniuliza.

"Nzima. Chukua," nikamwambia.

Ililipuka kesho yake alasiri ikiwa kwenye chaji, chumbani. Neema, mkewe, alikuwa humo na mtoto mchanga. Magesa aliikumbatia ikiwaka akatoka nayo nje. Neema na mtoto hawakuguswa na kitu. Yeye aliungua mikono na kifua, na moshi ule ulimharibia mapafu.

Nilikwenda hospitali kila siku. Siku ya tano aliweza kuongea. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, nilikosea wapi? Ni chaja?"

Nikamwambia apumzike, asiongee sana. Hilo ndilo nililomjibu. Alifariki siku mbili baadaye, na mpaka juzi Neema alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe alitumia chaja mbaya.

Wiki iliyopita niliacha kazi. Nimekwenda polisi nikaeleza yote na kutia sahihi, nao wameniambia nikae tayari kuitwa. Mwenye karakana amesema hanijui. Nimezunguka Kamanga nikiomba betri zenye karatasi yangu. Wengine wamenirudishia, wengine wamenifukuza wakisema zao zinafanya kazi vizuri. Ziko tatu ambazo sijui ziko kwa nani.

Neema nilimwambia jana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akambeba mtoto mgongoni, akaingia ndani.

Baba, nakuomba umsomee shangazi barua hii yote, usimpunguzie neno. Ajue kwamba mwanawe hakukosea chaja wala kitu chochote.

Msalimie mama, na umwambie asinipikie. Msalimie kaka Bwire na mkewe, na babu mdogo anayekaa karibu na kanisa.

Nitashuka stendi Jumamosi. Usije kunipokea. Nitapita kwanza kaburini, kisha nitakaa nje ya uzio wa shangazi mpaka aniambie niingie au niondoke.

Ni mimi mwanao,
Nyamisi