Sinia la Miezi ya Sukari

Jumanne, 25 Machi

Leo mavyaa kaniachia jiko. Bi Mwanapili mwenyewe, mama yake mume wangu Haitham! Tangu niolewe hapa Wete hajapata kuniachia hata uji niukoroge peke yangu. Kasema biskuti za Sikukuu mwaka huu ni zangu. Za kupambwa kwa sukari za rangi, kama zile nilizomwonesha kwenye simu. Tena keshatangaza mtaa mzima, mkaza mwanangu atawafanyia biskuti hamjapata kuziona.

Nimefurahi, ila kazi ninayo. Kwetu Shumba mie nimezoea vileja. Vileja havina jeuri, hata kikipinda kinaliwa. Hizi zinataka mkono. Kikatio sina, nimekata kopo la maziwa, nikalipinda mpaka likawa na umbo la mwezi mchanga. Kidole nacho kimekatika. Ruqaiyabai wa dukani, jirani yetu, kanikubalia oveni yake, ila nimalize kabla hajaanza mambo yake ya futari.

Haitham kapiga simu kutoka Tanga. Bosi hajampa ruhusa. Sikukuu ataila huko huko. Hajaonekana hapa tangu vunja jungu, kabla ya mfungo kuanza. Nimesema sawa, nikakata simu, nikalia kidogo, nikaendelea kuchekecha unga.

Jumatano, 26 Machi

Aibu tupu. Mkupuo wa kwanza, siagi ilikuwa imeyeyuka kwa joto. Miezi ikatanuka, ikawa kama chapati zilizokanyagwa. Mkupuo wa pili ukatoka mzuri, una rangi, una harufu ya iliki mpaka Ruqaiyabai kaja kuchungulia.

Sasa nani aonje? Sote tumefunga. Shehe anasema ncha ya ulimi inafaa, ukatema, lakini mavyaa hataki kusikia. Jikoni mwake anayeonja mchana wa Ramadhani ni mwanamke mwenye udhuru basi. Kaitwa wifi yangu Yumna, yumo kwenye siku zake. Kauma, katafuna, kanitazama.

Kaniuliza kama nimezikusudia ziliwe na ugali. Kumbe ile siagi ya kopo ina chumvi yake, na mie nimeongeza yangu!

Mavyaa hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema tufanye tena kesho.

Humu ndani hakifichiki kitu. Mavyaa anaona nani kasimama kuswali na nani kakaa, basi anajua siku za kila mwanamke. Na kila nikikaa mie hunitazama tumbo, akashusha pumzi. Mwezi huu sijakaa. Zimechelewa tu. Funga hunivuruga kila mwaka, hata kwa mama ilikuwa hivi. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 28 Machi

Alhamdulillahi! Zimekubali. Unga niliuweka kwenye friji ya Ruqaiyabai kwanza, ndiyo dawa yake. Yumna kaonja, akachukua ya pili, akachukua ya tatu, mpaka mamaake akampiga kofi la mkononi.

Baada ya swala ya Ijumaa nimeanza kupamba. Sukari ya unga na maji ya ndimu, rangi ya kijani, mfuko wa nailoni umekatwa ncha. Mwezi wa kijani, pembeni nyota nyeupe. Nyota za mwanzo zilitoka kama buibui. Halafu mkono ukazoea.

Mavyaa kazipanga mwenyewe kwenye sinia, safu kwa safu, pembe zote zikitazama upande mmoja. Kafunika kwa kawa. Kasema, bila kunitazama, kwamba mkono wangu mzuri. Nalala na neno hilo.

Jumamosi, 29 Machi

Lililonitia hofu mwezi mzima limefika.

Baada ya magharibi Baba kapiga kutoka Shumba. Mwezi umeonekana nje ya nchi, umetangazwa, wao kesho Sikukuu. Sauti yake imejaa furaha. Kaniuliza, nawe je, mwanangu?

Nimesema ndiyo Baba, nimesikia. Mavyaa alikuwa pale pale anamenya muhogo.

Nyumba hii inafuata mwezi wa hapa hapa. Wao walianza kufunga siku moja nyuma ya kwetu, kwa hiyo kesho wanafunga, na mwezi watautafuta kesho jioni. Siku ya posa Bi Mwanapili alimwambia Baba mbele ya watu: "Mzee Ngwali, nyumba yangu ina mwezi mmoja." Baba akaitikia. Alitaka niolewe, lakini moyoni hakukubali, na mie ni bintiye.

Siku ya mwanzo ya Ramadhani niliwalaghai wote kwa wema. Nilifunga Jumamosi pamoja na Shumba, hapa nikasema nalipa deni la mwaka jana. Kufunga ni kwepesi. Nani atakuuliza mbona umefunga? Kula ndiko kugumu.

Na habari ya mke wa kaka yake Haitham naijua, Yumna alinisimulia wiki ile ile niliyoingia. Alikula Sikukuu ya kwao jikoni humu humu, mchana, watoto wakamwona. Bi Mwanapili hakupiga kelele. Alimkunjia nguo zake moja moja, vizuri kabisa, akazitia kwenye begi. Jioni mwenyewe akarudishwa kwao Micheweni. Hajarudi mpaka leo.

Jumapili, 30 Machi — asubuhi

Daku nimekula nao. Nia ya kufunga sikutia. Nililala tu kifudifudi.

Baba kapiga tena. Nyuma yake nasikia takbira, na watoto wa kwetu. Kasema polepole, kama mtu anayemwombea mgonjwa: "Mwanangu, kufunga siku ya Idd ni haramu. Kula hata tende moja."

Nimempigia Haitham. Nimemweleza. Kasema nifuate nyumba niliyomo, dhambi kama ipo itakuwa ya waliotangaza. Rahisi kusema ukiwa Tanga! Huko anakula Sikukuu na mwezi autakao, hakuna anayemchungulia mdomoni.

Naogopa. Namwogopa Mungu kwanza, ndiyo. Lakini Mungu anajua moyo wangu, na mavyaa anajua sinia lake tu. Mie naamini leo ni Idd. Kama nisingeamini, ingekuwa nafuu.

Jumapili — baada ya adhuhuri

Nimekula.

Mavyaa alikwenda kwa Ruqaiyabai kuazima sahani za kupelekea majirani. Yumna amelala. Nikafunua kawa, nikatazama miezi yangu yote. Zilikuwepo zilizovunjika kwenye bakuli, pembeni. Sikuchukua hizo. Idd hailiwi kwa makombo. Nikachukua nzima, ya mwisho wa safu, nikasema bismillahi.

Tamu! Siku zote hizi nimeumba, nimechoma, nimepamba, sijui hata ladha yake. Iliki, ndimu kwa mbali, halafu siagi. Nilikula nimesimama, machozi yanatoka, nikawakumbuka wa Shumba wamevaa nguo mpya. Nikafunika. Nikafuta makombo kwa upindo wa kanga.

Mlango wa uani. Anarudi. Nakiweka hiki kidaftari

Jumapili — alasiri

Nimo jikoni bado. Mlango umefungwa kwa nje. Naandika upesi.

Aliingia na sahani zake. Akafunua kawa apange. Mkono ukasimama juu ya ile safu. Nilidhani ataangalia chini, kama imedondoka. Hakuangalia chini. Aliniangalia mie, mdomoni. Nikajifuta bila kutaka — kidoleni ikabaki rangi ya kijani.

Akaziweka sahani. Akavuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakaa. Mie moyoni naziona nguo zangu zinakunjwa. Lile dera la harusi kwanza, kisha kanga. Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Nilitaka kusema mama, kwetu leo Sikukuu, nisamehe. Nilifika kwenye "mama" tu.

Akanikatiza. Sauti ndogo kabisa, sijapata kuisikia kwake. Kasema tangu Ramadhani kuingia hajaniona nimekaa hata siku moja. Kasema alikuwa ananitazama, alikuwa anaogopa kuuliza, wanawake wengine ukiuliza mapema inaharibika. Halafu akanishika magoti kwa mikono miwili.

"Asya. Ni mjukuu wangu huyo?"

Sikusema ndiyo! Na liandikwe hapa, hata kama hakuna wa kulisoma. Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa. Lakini huku kwetu mwanamke akiinamisha kichwa keshajibu. Siku ya posa vilevile niliinamisha kichwa, ikawa ndoa.

Akalia. Bi Mwanapili akalia! Akaniuliza kwa nini nimejinyima mwezi mzima, na mwenye mimba Mungu kamruhusu kula. Akajilaumu kunisimamisha kwenye joto la oveni. Akachukua sahani mpya ya Ruqaiyabai, akajaza biskuti — miezi ya majirani, aliyoipanga kwa mkono wake, kavunja safu zote — akaniwekea mbele na maziwa baridi. Nile nishibe. Akafunga mlango, asije mtu kupita akaniona nakula akanisema vibaya. Ananilinda.

Sasa nala Sikukuu yangu, kwa amri yake, mchana wa Ramadhani yake.

Na kama ni kweli? Nimejihesabia sasa hivi. Vunja jungu Haitham alikuwepo. Funga hunichelewesha, lakini haijapata kunichelewesha hivi. Sijui. Ya Rabbi, sijui! Nikitoka nikamwambia siyo, nitakuwa nimemwibia mjukuu na nimekula Ramadhani, vyote kwa neno moja. Nikinyamaza, na kesho asubuhi zikaja, anipitie kuniamsha kwa swala ya Idd anikute nimekaa —

Namsikia ukumbini. Anaongea na simu. Kasema usiwaambie watu bado. Kasema njoo na boti ya kwanza, bosi wako mwambie mama anakuita. Yumna kaamka anauliza kuna nini, kaambiwa akateke maji, asiniache nibebe ndoo.

Simu yangu inalia. Haitham. Haitham, ambaye asubuhi nilimweleza yote kuhusu Sikukuu ya kwetu. Anajua kwa nini nimekula.

Imekatika. Inalia tena.

"Pokea, mwanangu," mavyaa ananiambia kutoka nje ya mlango, na sauti inacheka. "Usimweke mwenzio roho juu."

Nimeishika. Kioo kimeingia rangi ya kijani ya kidole changu