Mlima Juu ya Paa la Bibi

Nyumba ya kona, nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua chako kimetulia, maana Mama anasema baridi ya huko juu haina adabu. Mama Pacha hajambo? Na hao pacha wenyewe, bado wanabadilishana viatu ili mwalimu asiwajue? Waambie dada yao anawauliza.

Sisi huku ni wazima. Goti la Bibi linamsumbua asubuhi, likishapata jua linamwachia. Mama yuko kwenye cherehani yake kama kawaida, na msimu huu ana sare nyingi za shule za kushona. Kamera uliyonitumia inafanya kazi vizuri. Ule ufa kwenye kioo cha nyuma haujaongezeka, na Mama ameishonea mfuko wa kitambaa kizito.

Mjomba, nisamehe, lakini barua hii ni ya hasira. Nimeianza mara tatu kwa upole na mara tatu nimeichana. Unajua mimi si msemaji. Ulipokuwa hapa uliniita Bi Kimya, na ukiniuliza jambo ilibidi uiname ili usikie jibu. Leo usiiname, utasikia tu.

Nianze na wewe, kwa sababu hasira yangu kwako ni ndogo na nataka niimalize mapema. Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba nije nikae kwenu milimani, kwa sababu huku hakuna cha kupiga picha, nchi ni bapa kama meza iliyokwisha kufutwa. Najua ulikuwa unanitania, na utani wa mjomba na mpwa hauna kesi. Lakini Mjomba, wewe umezaliwa juu ya meza hiyo.

Labda Mama hakukueleza vizuri kuhusu kazi niliyoipata baada ya kumaliza shule. Nilikuwa kwenye studio ya picha pale karibu na stendi. Mwenye studio, ambaye sote tunamwita Bosi, ana pazia kubwa lililochorwa mlima wenye theluji na ziwa chini yake. Watu wa huku, ambao hawajawahi kupanda hata kichuguu, wanapanga foleni kusimama mbele yake. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kukata picha za pasipoti, na kunyoosha pazia kila mlima ulipopata mikunjo.

Sitamsema vibaya bure. Ndiye aliyenifundisha kufuta lenzi bila kuikwaruza, na kubana pumzi kabla ya kubonyeza.

Kila asubuhi kabla ya kazi nilichukua baiskeli ya Mama nikaenda hadi lami inapokwisha. Mwezi wa kwanza picha zangu zote zilikuwa mbaya. Mstari katikati, mbingu juu, ardhi chini, kama karatasi iliyokunjwa mara moja. Nikawa nailaumu nchi. Siku moja nilichoka, nikalala kifudifudi kwenye mabua, nikapiga picha huko huko chini nilikolala. Ng'ombe aliyekuwa amesimama mbali akawa mkubwa kuliko nyumba ya mkuu wa shule.

Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza. Ukiushusha ule mstari hadi karibu na ukingo wa picha, mawingu yanapata mahali pa kukaa. Jua likiwa bado chini, kila bua lina kivuli kirefu kuliko lenyewe. Mvua unaiona inatembea, na miguu yake ya kijivu, nusu saa kabla haijakufikia. Mtu akija kwa baiskeli unamjua kwa namna anavyokanyaga pedali, kabla hujauona uso wake. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Si kweli. Mimi nimeishi huku miaka kumi na saba na macho yangu mawili, na bado ilibidi niambiwe. Aliyeniambia ni kamera yako.

Sasa nifike kwenye kilichoniudhi.

Chama cha ushirika cha wakulima kilimwagiza Bosi picha kumi na mbili za mashamba yetu, kwa ajili ya kalenda ya mwaka ujao itakayotundikwa katika nyumba ya kila mwanachama. Bosi hajatoka studio na kamera siku nyingi, mgongo haumruhusu. Akaniomba za kwangu. Nilifurahi hadi nikaunguza maharage jioni hiyo. Hakutaka kuandika jina langu, aliandika la studio, na Mama akaona huo ni wizi. Mimi sikujali. Nilichotaka ni watu wa huku waamke asubuhi, watazame ukutani, waone wanapoishi.

Jumanne nilifungua kompyuta ya studio kutafuta picha za pasipoti za mteja. Nikakuta picha zangu kumi na mbili, na kila moja imewekewa mlima.

Nilimuuliza, "Bosi, huu mlima umetoka wapi?"

"Kwenye faili la milima," akasema bila kugeuka. "Ninayo kumi na moja. Mmoja imebidi niutumie mara mbili."

"Lakini kwetu hakuna mlima."

"Ndiyo maana nimeuweka, binti yangu. Mteja hatoi hela yake kutazama kile anachokanyaga."

Nikamwonyesha picha ya mwezi wa pili. Jua linazama, lakini mlima ameubandika nyuma yake, kwa hiyo jua limekaa mbele ya mlima kama sahani iliyoegemezwa ukutani. Kwenye mwezi wa nane, mfereji wa maji unaonyesha mbingu tupu, wakati juu yake kuna jabali zima. Akasogeza miwani.

"Nani atachunguza? Watu kwenye kalenda wanatazama tarehe."

Kisha nikafika mwezi wa tano. Picha hiyo niliipiga nikiwa ng'ambo ya mfereji. Shamba ni pana, na pale mbali kabisa kwenye mstari kuna nyumba ya Bibi. Vyumba viwili, tangi la maji, na shuka zake kwenye kamba. Ni ndogo kama punje ya mchele, lakini ukiijua unaiona. Ndiyo nyumba mliyozaliwa wewe na Mama. Sasa hapakuwa na nyumba, palikuwa na mlima.

"Hapo palikuwa na uchafu kwenye mstari," Bosi akasema. "Nimeuziba."

Mjomba, nilikuwa na mengi ya kusema na hata moja halikutoka. Bosi akanitazama, akacheka, wala si kwa ubaya.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila wewe wa kwako umeusahau nyumbani. Haya, kanyooshe pazia, kuna wateja."

Nikaenda, nikalinyoosha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimnyooshea mlima wake, mikunjo yote ikaisha, na familia ya watu sita ikapiga picha mbele yake ikitabasamu.

Siku mbili nilimeza mate. Mama aliniambia niyaache hayo, kazi ni kazi, na mlima hauli mtu. Nilimkasirikia pia. Mama anaposhona suruali ya mteja haishonei mguu wa tatu kwa sababu unapendeza.

Ijumaa asubuhi nikazihifadhi picha zangu halisi kwenye flashi, nikaenda kwa mpiga chapa aliyepewa kazi ya kalenda. Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Ndani mashine ilikuwa inanguruma, na mpiga chapa mwenyewe, mikono yake ina wino hadi kwenye viwiko, alikuwa anapanga karatasi.

"Nimeleta picha za kalenda," nikasema.

"Nini?"

"Picha. Za kalenda."

"Sema kwa sauti, mwanangu, mashine hii ni kiziwi na mimi imenifanya ndugu yake."

Ikabidi nipaze sauti. Nilisema hizo picha nimezipiga mimi, na milima iliyomo ni ya uongo, na asichape. Mashine ilikuwa imezimwa nilipofika katikati ya sentensi, kwa hiyo waliokuwa dukani wote wakanisikia nikipiga kelele. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi yetu unaijua, haina hata bonde la kujifichia.

Mpiga chapa alisema yeye hawezi kubadilisha kazi kwa neno langu tu, akampigia simu mwenyekiti wa ushirika. Mwenyekiti ni mama mmoja mkulima, akaja na buti zake za shambani, bado zina matope. Akaziweka picha mbili kando kando, yangu na ya Bosi, akazitazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Hapa unatazama upande gani?"

"Magharibi, mama."

"Shamba langu liko magharibi. Nani kanipandia mlima kwenye mahindi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mkulima wa huku anaisoma mvua kwenye ule mstari, na mtu akiwekewa jiwe mbele ya macho yake kwa mwaka mzima, basi kalenda hiyo si yake, ni ya watu wengine. Akaamuru picha zichapwe kama zilivyopigwa.

Hapo nilidhani nimeshinda. Mpiga chapa akakuna kichwa. Kurasa za kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita zilikuwa zimekwisha chapwa, zote, tangu jana yake, na karatasi za kuzichapa upya hakuna. Kwa hiyo, Mjomba, mwakani wanachama wote wa ushirika wataishi milimani hadi mwezi wa sita, halafu tarehe mosi mwezi wa saba nchi itasawazishwa kwa siku moja.

Ningekwenda Jumanne, ingekuwa kalenda nzima.

Bosi alinifukuza jana. Alisema nimemvua nguo mbele ya wateja wake, na kwamba ningekuwa na shida ningemwambia yeye kwanza. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilijiuliza kama ana haki. Kidogo anayo. Lakini nilimwambia, Mjomba. Nilimwambia, akanituma kwenye pazia.

Bibi nilimwonyesha ukurasa wa mwezi wa tano, kwenye kalenda aliyonipa mpiga chapa jana. Akausogeza karibu, akausogeza mbali, akatafuta nyumba yake. Akasema, "Miaka sitini natafuta kivuli kwenye shamba hili. Leo nimeletewa mlima mzima na bado jua linanichoma." Alicheka hadi akashika goti. Mimi sikuweza kucheka, na hadi sasa ninapoandika sijaweza.

Kuhusu kuja kwenu, nitakuja pacha wakifunga shule, kuwatembelea wewe na Mama Pacha na watoto. Nitaipiga picha milima yenu kwa sababu ipo kweli. Lakini nakuomba usiandike tena kwamba nije kwa kuwa huku hakuna kitu. Bosi naye hakuwa na nia mbaya. Aliona mahali petu, akaona pana upungufu, akauziba.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kalenda. Nimekuwekea pia ile picha ya mwezi wa tano kama nilivyoipiga, na nimeikata kwa mkasi wa Mama iwe sawasawa na ukurasa. Nakuomba uchukue gundi uibandike juu ya mlima. Tafuta punje nyeupe upande wa kulia, juu kidogo ya mstari. Hizo ni shuka za Bibi. Alizianika asubuhi hiyo hiyo, na akasema kama ningemwambia naleta kamera angetoa zile mpya.

Mama anakusalimu, anasema usipovaa sweta atakuja mwenyewe kukuvisha. Bibi anakusalimu na anawaombea. Msalimie sana Mama Pacha, na pacha wote wawili, kila mmoja kwa salamu yake asije akachukua ya mwenzake. Mungu awalinde kwenye hizo njia zenu za kupanda na kushuka, na akupe pumzi ya kutosha kifuani.

Ni mimi mpwa wako, ambaye bado nimekasirika na bado nakupenda,

Bi Kimya