Gari la Nana Lisizimike

Odumakrom,
4 Agosti 1991

Kwako Mjomba Yiadom,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Mama, ambaye anasema goti linamsumbua lakini mdomo hauna shida. Sisi tu wazima. Vipi wewe na kifua chako? Na hapo Suame kwenye magereji yenu, bado mnaamshana kwa nyundo?

Mjomba, nimepata kazi, na imenitoa jasho kabla sijashika spana. Wameniletea Pijo la Nana, Malkia Mama wetu, lile jeupe kuukuu. Sikukuu ya viazi vikuu vipya ni mwezi ujao, na kwa kuwa miguu yake haimudu tena, Nana atazungushwa mji mzima ndani ya gari hilo, mwendo wa konokono, ngoma mbele na watu pembeni. Sasa ugonjwa wa gari ndio huohuo: likikimbia halina neno, likisimama linatetemeka kama lina homa, linakohoa, halafu linazima. Liko hivyo tangu sikukuu iliyopita.

Mafundi wa stendi limewashinda, ila hilo hawalisemi. Wanachosema ni kwamba Nana amempa mwanamke gari achezee. Jana Tawia, mmoja wao, alipita akaniuliza, "Dada Dufie, likizima mbele za watu, utalisukuma na hiyo sketi?" Nikamjibu, "Nitalisukuma, wewe ukiwa chini yake." Tukacheka wote, lakini kusema kweli naogopa. Gari hili likizima siku ile na Nana yumo ndani, sina jina tena hapa. Nitafunga gereji nikauze nyanya.

Wewe ungelisikiliza mara moja ukajua. Nakukumbuka ulivyokuwa unainama nyuma ya gari, unaweka kiganja kwenye ekzosi, unafumba macho, halafu unasema, "Plagi ya tatu." Na kweli inakuwa ya tatu! Sijaona mtu mwingine wa namna yako. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Dufie

*

Suame, Kumasi,
11 Agosti 1991

Kwako mpwa wangu Dufie,

Salamu zimefika, nami nakurudishia. Kifua changu kinakohoa kidogo kuliko hilo gari lako. Mwambie mama yako alisugue goti kwa mafuta ya moto, na apunguze kulizungumzia.

Sasa sikiliza, na uache kunisifu, sifa haziwashi injini. Liwashe, liache lipate moto. Chomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa mmoja na mlio usibadilike, hapo ndipo alipo mgonjwa. Kama zote zinabadilisha mlio sawasawa, achana na plagi. Kisha chovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, uyakamulie kwenye mipira ya hewa na pale kabureta inapokalia. Mlio ukibadilika, basi kuna mahali panavuta hewa ya wizi. Mwisho, ile skrubu ndogo ya kabureta, izungushe taratibu. Injini yenye afya italalamika. Isipolalamika, hapo sasa tumia akili.

Na kiganja unacho, si lazima kiwe changu. Tawia naye msalimie. Mwambie nakumbuka vizuri, alipokuwa akijifunza kazi hapa kwangu, siku aliyotia maji kwenye tangi la petroli.

Mjomba wako,
Yiadom

*

Odumakrom,
22 Agosti 1991

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na habari za siku nyingi. Sisi hatujambo. Goti limesuguliwa na bado linazungumziwa.

Nimefanya yote kama ulivyosema. Waya za plagi, zote sawa. Maji ya sabuni, hakuna kitu. Skrubu nimeizungusha mpaka kidole kikaota lengelenge, injini haina habari nami. Kiganja nimeweka. Pumzi ni nzito, ina moshi mweusi, inatoka kama ya mtu aliyezibwa pua.

Mjomba, nakuomba uje. Panda lori, ukae kwenye benchi langu, usikilize tu. Mama atakupikia fufu na supu ya mawese. Sikukuu ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Ukija wewe, nitalala usingizi.

Mpwa wako anayekungoja,
Dufie

*

Odumakrom,
5 Septemba 1991

Mjomba,

Mbona kimya? Dereva wa lori ameapa kwamba barua alikukabidhi mkononi, na kwamba ulikuwa mzima, unamfokea mtu. Kama unaumwa, nisamehe. Kama huumwi, nimekukasirikia sana.

Kesho naifungua kabureta yote, peke yangu. Nikiharibu, nimeharibu.

Bado ni mpwa wako,
Dufie

*

Odumakrom,
16 Septemba 1991

Mjomba,

Salamu, ingawa sijui kama unazistahili. Natumaini u mzima, maana nataka kukugombeza ukiwa na afya zako.

Kabureta niliifungulia kwenye meza ya Mama, juu ya gazeti. Kile kijitundu chembamba kinacholisha injini hewa gari likiwa limesimama kilikuwa kimeziba, na njia yake nzima. Kitu cheupe kimegandamana humo, kigumu kama kenkey ya mahindi iliyolala tangu juzi. Nikadhani ni kutu ya maji. Nikanusa. Lo! Kinanukia mtoto mchanga! Poda, Mjomba!

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Donkor, msemaji wa Nana. Wala hakuona haya. "Ndiyo," akasema, "sikukuu ya mwaka jana Nana alikuwa amepona ugonjwa, tukashangilia. Tulimpaka Nana poda ya shangwe, tukapakana sisi, tukasema na gari lisibaguliwe. Dereva akafungua ile sufuria ya juu, tukanyunyiza mdomoni mwa injini, tukamiminia na pombe kali ya tambiko, ishuke vizuri." Ishuke vizuri! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilishuka, Mjomba, na ilipofika ikageuka saruji.

Sikuchokoa kwa waya. Nakumbuka ulivyonichapa mkono, ukaniambia waya unatanua tundu. Nililoweka kwenye petroli, nikapulizia kwa pampu ya baiskeli, nikaloweka tena, mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nilipowasha na kuigusa ile skrubu kidogo tu, injini ikalalamika. Sijawahi kufurahia malalamiko namna ile. Nikaweka bilauri ya maji juu ya injini, na maji yakatulia.

Basi siku yenyewe, gari linanguruma mbele ya nyumba ya Nana, watu wamejaa, naona wazee wanakuja na kopo la poda. Wanataka boneti ifunguliwe! Nikikataa, nimemkatalia Nana baraka mbele ya mji mzima. Nikikubali, tunazima kabla ya kufika sokoni. Nikapiga magoti, nikasema, "Nana, gari lako bado linacheua ile ya mwaka jana. Ya mwaka huu nipeni mimi fundi wake, nitalifikishia."

Nana akaangua kicheko, shanga zote zikalia. Akachukua kopo mwenyewe, akanipaka shingoni na mabegani, akasema kwa sauti, "Haya, injini imekula. Twendeni."

Tulitambaa mpaka mtoni na kurudi. Kila hatua kumi watu walisimamisha gari wamsalimie Nana, na halikuzima hata mara moja. Nilitamani ungekuwepo. Nakwambia kweli, katikati ya furaha ile yote nilikuwa natafuta uso wako.

Mpwa wako,
Dufie

*

Suame, Kumasi,
20 Septemba 1991

Kwako mpwa wangu Dufie,

Salamu. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa sababu ya mbao za lori. Utauliza lori gani.

Barua yako ya kuniita niliisoma mara nyingi. Nikajiambia, nikienda nikakaa kwenye benchi lile, hata nikifumba mdomo, mji mzima utasema gari limetengenezwa na Yiadom wa Suame. Wewe ungebaki mpwa wa fundi. Kwa hiyo nikanyamaza, na haikuwa rahisi kunyamaza. Nigombeze unavyotaka.

Lakini Jumamosi ile nilikuja. Nilisimama nyuma ya wanawake wa sokoni, kofia usoni. Nilikuona ulivyopiga magoti, nilisikia ulivyosema. Mimi nisingeweza. Mimi ningegombana na wale wazee, na gari lingezima nikiwa bado nagombana.

Gari liliposimama karibu yangu, nikainama kuvua makubazi, kama kila mtu anavyovua mbele ya Nana. Nikachelewa kuinuka. Kiganja kikaenda chenyewe kwenye ekzosi. Pumzi zilitoka laini, moja baada ya nyingine, sawasawa. Nilitafuta kosa, mwanangu, kwa nia mbaya kabisa nililitafuta. Sikulipata.

Nilipoinuka, nani yuko pembeni yangu kama si Tawia. Akaniangalia. "Mzee Yiadom," akasema, "mbona machozi?"

Nikamwambia ni moshi.

"Moshi gani, mzee?" akasema. "Gari la Dufie halitoi moshi."

Mjomba wako,
Yiadom