Jina Ambalo Stanislas Hakulitaja

Élisabethville, 11 Juni 1946

Kwa dada yangu mkubwa, yaya mpenzi Laurentine,

Nakusalimu sana, wewe na watoto na nyumba yote hapo Kasenga. Je, mguu wa Edith umepona? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nimempa Chanda, dereva wa lori la samaki, mkononi, sikuitia posta. Ukiisha kuisoma itie motoni, na usibishe, maana nakujua.

Unachongoja ni habari za mume wako. Stanislas yu hai, amekonda, na bado anawatania walinzi wa gereza juu ya upishi wao. Ijumaa iliyopita aliletwa mbele ya juji kwa rufaa yake, na mkalimani nilikuwa mimi. Nilivaa ile tai uliyoicheka. Tulisimama kama watu wasiojuana, kwa kuwa wangejua ni mume wa dada yangu wangeniondoa, wakamletea mkalimani asiyemjali.

Aliulizwa kwa nini alikataa kutengeneza barabara ya kampani, wakati kapita, msimamizi wa kazi, alimwamuru kwa jina la serikali, Bula Matari. Alijibu, kwa utulivu hata nikaona fahari, kwamba Wabelgiji wamekubali mkataba wa Geneva unaokataza watu kulazimishwa kazi kwa faida ya kampani. Nikatafsiri. Avoka kijana aliyepewa kumtetea akasimama akamuunga mkono: nchi ikishaukubali mkataba, alisema, mahakama zake lazima ziufuate, hata huku Kongo.

Juji hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alieleza taratibu kwamba mkataba ni ahadi kati ya serikali na serikali. Mtu wa Kasenga hawezi kuushika mbele yake mpaka utangazwe kuwa sheria ya koloni, na yeye hajaona ukitangazwa. Kwa hiyo mkataba ni wa kweli, yaya, na Ubelgiji imeukubali, lakini ukifika mlangoni mwa tribinali yetu unaambiwa ungoje nje. Maneno hayo niliyatafsiri mimi mwenyewe.

Kisha akaiacha habari ya barabara. Alitaka kujua mwuza samaki kama Stanislas alisikia wapi mambo ya Geneva. Akimtaja aliyemfundisha, atarudi nyumbani. Asipomtaja, atahesabiwa mchochezi, apelekwe kwenye kambi ya waliohamishwa, mbali na kwao, na wa kumrudisha hayupo. Mume wako akakuna kidevu, akasema, «Ule muntu iko bukwe wangu. Siwezi kumuita jina.»

Unajua tulivyolelewa: bukwe, ndugu wa mke, hatajwi jina mbele za watu. Maskini, alidhani amenificha kabisa.

Ndiyo, yaya, ni mimi. Alipolala kwangu wakati wa Pasaka nilimsomea mkataba wenyewe, nikamwambia sheria ni sheria, hakuna kapita wa kumgusa. Niliamini hivyo kweli.

Katika kutafsiri nililiruka neno bukwe, nikamwambia juji kwamba ni mtu ambaye Stanislas anamheshimu. Lakini Émile, karani wa tribinali, anakijua Kiswahili cha mji huu kama mimi. Aliinua kalamu akanitazama. Tulipotoka aliniambia kwa upole kwamba hata yeye ana bukwe, na anampenda. Tangu hapo kuna polisi anayesimama ng'ambo ya nyumba yangu, ananunua karanga asizozila.

Alhamisi ataulizwa tena. Wewe na mimi tunajua hatanitaja, hata wakimfanya nini. Basi nimekwisha kuamua. Juji akiuliza, nitamtafsiria Stanislas swali lote, neno kwa neno, kama kazi yangu inavyotaka, kisha nitajibu mimi, kwa jina langu mwenyewe. Kama juji ataitimiza ahadi yake, sijui. Nayo haijatangazwa popote. Kwa hiyo vuka mto Luapula na watoto kabla ya siku hiyo, uende kwa mjomba Chomba upande wa Waingereza. Mume wako akiachiliwa, atawafuata huko. Naogopa sana, yaya, sikufichi.

Wasalimie watoto wote, na mjomba, na majirani wasioulizauliza. Mungu awavushe salama. Ile tai iko kwa Chanda, ndani ya kifurushi cha sukari. Alhamisi nitaingia shingo wazi. Mpe Stanislas, na siku atakapoivaa mcheke mpaka akasirike.

Mimi mdogo wako,
Donat