Mzee Ombati Amekataa Kitanda cha Fito

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu kutoka Nyaramba, huku kwetu mvua ya alasiri haijakosa hata siku moja wiki hii, nami nakuandikia ikiwa inapiga mabati na mjukuu wangu amelala mgongoni mwangu, na shida yangu iko hapo hapo mgongoni, kwa hiyo naomba unisaidie, ila tafadhali usitaje jina langu gazetini, niite tu Magokoro, ndivyo Wakisii tunavyomwita nyanya.

Mume wangu Ombati alifariki mwaka jana, na mwanangu Job na mkewe Sharon walipopata mtoto wa kiume wakampa jina la babu yake, kama ilivyo desturi yetu, basi sasa nina Ombati wa miezi saba ambaye majirani wote wanamwita Mzee, na mimi namwita mume wangu, na akisikia hivyo anacheka na ufizi wake mtupu, na akitaka kulala anasugua unyayo mmoja kwa mwingine, polepole, kama mtu anayefuta matope kabla ya kuingia nyumbani, na marehemu alikuwa akifanya vivyo hivyo kila akipanda kitandani.

Job alimletea mtoto kitanda kutoka kwa fundi wa Mosocho, kizuri sana, cha mbao ya saiprasi, kina fito pande zote nne ili asianguke, na Sharon alipokuwa akirudi kazini kwenye duka la dawa hapa sokoni aliniomba jambo moja tu, "Mama, akisinzia mchana mlaze kitandani mwake, usimbebe," nami nikakubali kwa moyo wangu wote na nikajaribu, lakini nikimweka tu anafungua macho, anashika fito kwa mikono miwili, ananitazama, halafu mdomo unaanza kupinda.

Halafu akaja Mzee Mogire, rafiki wa marehemu, ambaye hupita kunywa chai kila Sabato baada ya kanisa, akamkuta mtoto ameshika fito, akavua kofia akasema, "Ombati! Wamekufunga kwa kosa gani? Ulikula kuku wa nani?" Mtoto akanyamaza kumsikiliza. Mogire akanigeukia, "Mama Job, mimi sinywi chai hapa rafiki yangu akiwa korokoroni. Mtoe, mimi ndiye mdhamini wake." Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamtoa, wakakaa pamoja pale kwenye kiti cha marehemu, mmoja na chai na mwingine na mate.

Tangu siku hiyo, mshauri, Sharon akivuka lango tu namfunga mtoto mgongoni kwa leso tunaenda kuchuma majani chai, na Sharon akipiga simu kuuliza, "Mama, amelala?" namjibu, "Amelala," na kweli anakuwa amelala, ila huwa sisemi wapi. Na kwa kuwa niliona ni hasara kitanda kizuri kukaa bure, niliweka humo mkungu wa ndizi uive, nikaufunika kwa blanketi la mtoto kwa sababu ndizi hupenda joto, na ndipo Sharon akarudi mapema, akaingia kwa kunyata asimwamshe mwanawe, akafunua blanketi. Nilipoingia akaniuliza, "Mama, mbona mtoto wangu amekuwa kijani?"

Ningecheka, lakini aliona magoti yangu yana matope, maana nilikuwa nimeteleza kwenye kijia cha shambani nikiwa na mtoto mgongoni, hakuumia, hata hakuamka, lakini Sharon alibadilika uso akasema kwa sauti ya chini, "Mama, sitaki tugombane. Lakini mwezi huu ukiisha kabla Ombati hajazoea kitanda chake, atakuwa akikaa kwa mama yangu Mosocho."

Sina hasira naye, ni msichana mzuri, hata leso hii ninayombebea mtoto ni yeye aliyeninunulia. Lakini mtoto akienda Mosocho nyumba hii itabaki na mimi na kofia ya marehemu iliyo ukutani.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Marehemu siku zake za mwisho alilazwa hospitali, kwenye kitanda chenye vyuma pembeni ili asianguke, na alikuwa akiniambia, "Mama Job, nitoe kwenye hili zizi, mimi si ndama," na mimi sikuweza kumtoa, nilipitisha tu mkono kati ya vyuma, akashika kidole changu kimoja, akasugua nyayo zake, akalala. Sasa huyu mdogo akishika fito namsikia yule mkubwa. Yule sikumtoa, huyu nitamwachaje humo? Nifanye nini azoee kitanda asipelekwe?

Ni mimi Magokoro, Nyaramba.

*

Magokoro,

Umeniomba nisitaje jina lako nami sitalitaja, ingawa umetaja ya watu wote wa boma lako, na wanunuzi wa gazeti hili hapo sokoni si vipofu.

Pole sana kwa Ombati mkubwa. Mtu aliyeweza kufanya mzaha na vyuma vya hospitali hasahauliki kwa mwaka mmoja, wala mimi sikuambii umsahau.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Ndizi, Magokoro? Na huyo "amelala" wako wa kwenye simu ni uongo uliovaa nguo za kanisani. Sharon hakukosea hata kidogo. Hilo tope kwenye magoti yako lingeweza kuwa kilio. Kuanzia leo mtoto haendi tena kwenye chai mgongoni kijia kikiwa na utelezi. Majani yatakungoja.

Huyo mtoto haogopi kitanda. Hajui zizi wala korokoro. Anachojua ni kwamba akishika fito na kupinda mdomo, nyanya atakuja mbio. Anayeogopa kitanda ni wewe. Mlimpa mtoto jina la babu yake, hamkumpa ugonjwa wake.

Toa ndizi. Pangusa kitanda ukisogeze karibu na mahali unapoketi. Siku za kwanza usihangaike kumlaza. Mweke humo akiwa ameshiba na macho ni makavu, mpe kijiko cha mbao agonge fito, nawe uchambue mboga hapo hapo mkionana. Akizoea kupachezea, mlaze chali pale anapoanza kusugua nyayo, kabla hajalala kabisa. Mtu akilala mgongoni kwa nyanya na kuamkia kwenye mbao lazima apige yowe. Hata wewe ungelala kwako ukaamkia kwa Mogire, Nyaramba yote ingekusikia.

Tandika ile leso unayoshinda nayo juu ya godoro, uikaze chini pande zote isilegee, apate harufu yako. Usimwekee mto. Blanketi nalo liachie ndizi, yeye mvalishe sweta na soksi.

Atalia. Usimnyanyue papo hapo, na usikimbilie jikoni kuziba masikio. Pitisha mkono kati ya fito umpe kidole. Dawa hii si yangu, ni yako, uliiandika mwenyewe ukaipita kama jambo dogo. Unasema hukumtoa mume wako. Ni kweli. Lakini hakulala peke yake. Alitaka kutoka, akapata kidole chako, akalala. Fito ni za kuzuia mtoto asianguke, hazizuii mkono.

Leo Sharon akirudi, kabla hata hajavua viatu, mwambie habari za lile zizi la hospitali. Yeye anafikiri umedharau kitanda cha mtoto wake. Akijua ulichokuwa ukikiona kati ya zile fito, sidhani atakuwa na haraka ya Mosocho, lakini nawe mwonyeshe mtoto kitandani, si mkungu.

Na Mogire akija Sabato na udhamini wake, mpe chai nje, barazani, umwambie ashushe sauti. Mzee amelala.

Shangazi Marion