Matofali Yasiyochomwa

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Pokea na ya mama, umfikishie kabla hujakaa chini kumsomea, maana namjua: akisikia barua imefunguliwa na yeye hajaamkiwa, atasema Ulaya imenimaliza adabu. Goti lake linaendeleaje? Najua ukungu ukishuka hapo Malindi yetu ya milimani goti lile halikubali kukaa kimya. Na wewe, kifua kimepoa? Na shemeji, ameacha kubishana na redio? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku kwetu baridi imeanza kulegea. Nimeandika "huku kwetu", nikaitazama, nikaiacha hivyo hivyo, maana kufuta kungechafua karatasi. Usimsomee mama hapo.

Barua yako niliikuta mlangoni nikitoka kazini. Nikaisoma palepale kwenye ngazi, koti mwilini, nikacheka peke yangu mpaka mzee wa ghorofa ya chini akachungulia kuona kuna nini. Halafu nikaingia ndani, nikavua viatu, nikaisoma tena. Mara ya pili sikucheka.

Yaani mmesimamisha ujenzi! Msingi umechimbwa, matofali yameshachomwa, mafundi wamekaa wanakula makande ya mama bure, wanangoja ramani ya kaka aliye fundi mwashi Ujerumani. Na mama amewaambia wanawake wote kisimani kuwa mwanawe anajenga stesheni za treni. Na huyu mdogo wetu Rashidi, tangu biashara iwe huru na kabichi zake zianze kufika Dar es Salaam amekuwa tajiri mwenye maswali: anataka kujua matofali ya Wajerumani yanachomwa kwa kuni gani, hata mengine yakatoka mekundu, mengine njano, mengine buluu.

Dada, hayachomwi. Ni ya plastiki. Ni vitu vya kuchezea watoto.

Nimerudia kichwani kile nilichowaandikia, nikaona kosa halina mwenyewe. Nilisema, "Kila Jumamosi nakutana na wenzangu tunajenga. Tuna matofali ya kila rangi, na mwaka huu tumemaliza stesheni na daraja." Ndivyo ilivyo, sikuongeza chumvi. Ila Kiswahili hakijavipa jina vidude hivi, na Kishambaa ndiyo kabisa, basi nikachukua neno lililokuwa karibu. Tofali lenyewe ni dogo kuliko kipande cha sabuni cha kufulia soksi. Juu lina vichwa vichwa kama chunusi, chini lina matundu, unalibandika juu ya mwenzake likashika. Stesheni ile ya kujisifia kisimani ungeweza kuibeba kichwani kwenye sinia ukapanda nayo mpaka Irente bila kupumzika.

Na kuhusu yule mama Renate, mwambie mama atulie. Niliandika kuwa ana watu wadogo wadogo wamejaa kwenye kabati la vioo nyumbani kwake, na nyie mkaelewa misukule! Mama ananiagiza nisile chakula chake wala nisimwachie nywele zangu. Jamani. Ni visanamu, vya plastiki vilevile, urefu wa kidole gumba. Kuna askari, kuna mpishi, kuna baharia mwenye kiraka jichoni. Chakula chake nimekula mara nyingi, na dosari yake ni kukosa chumvi tu.

Utauliza, watu wazima wanachezea nini vitu vya watoto? Hata mimi niliuliza. Aliyenipeleka ni Dieter, tunasimama pamoja kwenye mashine ya kuosha karoti pale kiwandani. Ni mtu wa makamo, upara unamng'aa, hana mke, haongei. Tulikaa bega kwa bega tunaosha karoti muda mrefu bila neno zaidi ya "asubuhi njema". Siku moja akaniuliza Jumamosi huwa nafanya nini. Nikatafuta uongo wa kumjibu, nikaukosa, nikasema sifanyi kitu. Akasema basi njoo. Nikaenda. Ni chumba cha chini katika maktaba ya mji, meza ndefu, masanduku ya matofali yamepangwa kwa rangi, na watu wenye mvi wameinama kama wanachagua mchele.

Nami nikainama. Nitakwambia ukweli, dada, nilirudi tena kwa sababu moja: mtu akiwa anatafuta kipande chekundu cha ncha mbili, hakuulizi utarudi lini kwenu. Anakuuliza kama umekiona. Na ukikiona, anafurahi na wewe.

Usidhani lakini kuwa ni watu wapole. Wanabishana kuliko wazee wa baraza wakigombea mpaka wa shamba. Gundi kwa Dieter ni haramu kama nguruwe kwetu. Anasema tofali likigandishwa limekufa, maana halitajenga tena kitu kingine. Kuna wanaonunua sanduku jipya na kuliweka darini bila kulifungua, wanasema likikaa litapanda thamani. Dieter akiwasikia anapandwa na hasira mpaka upara unakuwa mwekundu. "Sanduku lisilofunguliwa ni maiti iliyovishwa suti!" Ndivyo alivyosema, mtu ambaye kiwandani haongei. Na wote kwa pamoja wanalalamika kuwa masanduku ya siku hizi yameharibika: ukuta mzima unakuja kipande kimoja, paa kipande kimoja, sasa mtu ajenge nini? Hapo mimi huwaunga mkono.

Renate yeye ugomvi wake ni nyuso. Alikuwa karani wa posta, sasa amestaafu, mumewe alifariki. Anasema zamani kila kisanamu kilikuwa na uso mmoja tu: macho mawili na tabasamu. Siku hizi wameanza kuwachora ndevu, hasira na makovu, na yeye hawanunui. "Uso wa furaha unaweza kuwa mtu yeyote," anasema. "Uso wa hasira ni wa mtu mmoja." Mimi nikamuuliza, na rangi je? Maana wote ni njano, kuanzia askari mpaka mpishi. Dieter akadakia kuwa njano si rangi ya mtu, kwa hiyo ni ya watu wote. Nikamtazama Dieter, nikatazama mkono wangu, nikatazama kile kisanamu. Hakikufanana na yeyote kati yetu. Lakini niliona wametafuta njia ya kuniweka ndani, nikaendelea kujenga.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda na barua yako, nikawatafsiria. Walicheka, dada! Nilipofika kwenye misukule Renate alifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Halafu Dieter akasimama, akasema mtu akiombwa ramani na mama yake hamnyimi. "Tuijenge hapa, tuipige picha, umpelekee." Wakaacha kazi zao zote. Nyumba yetu ikaanza kujengwa Ujerumani.

Wakaniuliza mteremko uko upande gani, nikawaonyesha kwa mkono. Wakaniuliza mvua inatoka wapi. Nikasema inatoka upande wa msitu, inakuja na upepo, kwa hiyo mlango utazame bondeni. Wakaniuliza jiko liko wapi, nikawaambia jiko liko nje. Hapo wakabishana sana, Dieter hakuelewa jiko kuwa nje, akalibandika ndani, nikalibandua, akalibandika tena. Nikamwambia, "Mama yangu haingii jiko lililo chumbani." Akasema, "Basi mama yako ndiye mhandisi." Tukaliweka nje. Nilifurahi siku ile, usidhani sikufurahi.

Kuta zilipofika juu, Renate akafungua mkoba wake, akatoa visanamu kwenye kitambaa. Yule asiyeruhusu mtu kugusa kabati lake! Akasema nyumba bila watu ni kasha tu. Akanipa kimoja kimoja, niwapange. Nikamweka mama chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama njia, maana asipoona anayepita hali akashiba. Kisanamu chake kinatabasamu, na wewe unajua mama akipigwa picha anavyonuna kama amedaiwa. Nikatafuta kwenye vichwa vyote kama kuna asiyecheka, sikumpata. Nikamweka Rashidi na mkewe chumba cha pili. Watoto wao cha tatu. Wewe na shemeji nikawaweka njiani mnakuja kutoka kwenu Rangwi na kikapu.

Mkononi kikabaki kimoja. Renate akasema, "Na huyu ni wewe."

Dada, nilisimama nacho. Nyumba ilikuwa imekwisha, vyumba vitatu, vyote vina watu. Niligeuza kisanamu huku na huku. Nikajaribu kwa watoto, nikaona si adabu kumlaza baba mkubwa na watoto. Nikamweka nje, karibu na jiko. Renate akaniambia, "Hapo atalowa." Alisema kwa utani tu, hakujua kilichoandikwa mwisho wa barua yako, maana mstari ule sikuwasomea. Nikasema naenda chooni. Nikasimama huko mpaka macho yalipokauka.

Mstari ule ndio ulionifanya nisicheke mara ya pili. Umeuandika pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona: "Rashidi anauliza, vyumba viwe vitatu au vinne?" Nimeelewa. Ramani ilikuwa kisingizio. Mnaniuliza kama narudi.

Nitakujibu, ila kwanza la nyumba. Msinisubiri. Mama analala jikoni na moshi kwa sababu nyumba ya zamani inavuja, na masika hayamsubiri mtu. Fundi ni huyo mzee Shabani aliyewajengea nusu ya Malindi. Yeye anajua udongo wa hapo ukilowa unaenda wapi. Mimi najua kuosha karoti. Picha nimeiweka ndani ya bahasha mwonyeshe mama, lakini msiijenge. Dieter amesahau mfereji wa upande wa juu, na mimi nilisahau kumkumbusha. Nyumba ile ingeondoka na mvua ya kwanza.

Na mama aambiwe kweli, kwa upole. Mwambie mwanawe hajengi stesheni. Akiuliza basi Jumamosi anafanya nini, mwambie ana wenzake. Atapumua. Amekuwa akihofia kuwa niko peke yangu tangu nilipoondoka, japo haulizi.

Niwaambie nini kingine? Nina upweke, dada. Siandikagi hivyo, lakini leo nimeandika. Nimefika umri wa kuamkiwa na hakuna wa kuniamkia. Vijana wa kiwandani wananiita kwa jina, hata yule aliyezaliwa juzi, na hawanikosei, ndivyo walivyolelewa. Siku moja niko peke yangu nikajiitikia "marahaba" nikiwa nachemsha chai, nikatazama kama kuna aliyesikia. Nina mkataba hapa, nina karatasi za kukaa, nina kitanda kizuri. Kila mwaka nasema mwakani. Mkataa kwao mtumwa, najua wapo wanaolisema hilo hapo Malindi, na mwambie Rashidi akilisikia asigombane na mtu. Sijakataa kwetu. Sijui tu nitakuja kama nani. Niliondoka kijana wa kutumwa dukani, watoto wa Rashidi hawanijui hata sauti, na kila mwaka ninaochelewa unaniongezea aibu ya kuulizwa ulikuwa wapi.

Nisalimie mjomba Hassani wa gulio, mwambie mapeasi ya huku ni makubwa na hayana utamu. Shangazi wa Rangwi mwambie soksi alizonifumia ndizo ninazovaa sasa hivi, moja imetoboka. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kusoma mpe mkono wangu kwa heshima. Mke wa Rashidi simjui bado uso kwa uso, mwamkie na umwambie asante kwa kumtunza mama. Watoto wake wabusu, mmoja mmoja, uwatajie jina langu ukiwabusu.

Sasa jibu. Nimelizunguka ukurasa mzima, utanisamehe.

Vinne. Mwambie Rashidi ajenge vinne. Sisemi mwakani, sitasema tena mwakani. Na changu msikiache tupu, chumba kitupu huingia panya na maneno ya watu. Wekeni viazi vya mbegu humo, ni chumba cha upande wa baridi, vitakaa vizuri. Nawaomba jambo moja tu. Siku za kupanda, mama akimtuma mtoto kuchukua viazi, asimwambie nenda stoo. Amwambie, "Nenda chumbani kwa baba mkubwa Athumani, ubishe hodi kwanza."

Mdogo wako,
Athumani