Dakika Nilizokisia

Jumanne

Kwenye fomu ya ultrasaundi nimeandika dakika tatu za kusikiliza moyo wa mtoto, na moyoni najua zilikuwa zaidi. Nilikisia.

Kinachoniudhi ni ile sauti ya moyo. Ukiifungua, mashine hutoa mawimbi makali zaidi, yanayoweza kumpasha mtoto joto, na mimba ya leo bado changa. Nilitaka kuizima, lakini mama mkwe wa binti niliyekuwa nampima, aliyemsindikiza kutoka Malindi ya kule kwetu, jirani na Magamba, akasema, “Iache kidogo, mwanangu. Mama yako ndiye aliyemsikiliza baba wa huyu mtoto akiwa tumboni mwangu.”

Nikasahau saa. Kimawazo nilikuwa nimesharudi Magamba, namwona Mama na sare yake ya ukunga, pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto sikioni, ncha yake juu ya tumbo, na kidole chake kikigonga kiganja cha mjamzito: mtoto anadunda hivi. Pembe haitoi mawimbi; Mama hakuwa na dakika za kukisia.

Pengine haikudhuru kitu. Ila aliyeshika kifaa ni mimi, si yule bibi.

Kesho nitasahihisha fomu: dakika nane, labda kumi. Na mjamzito atakayefuata nitamfungulia sauti kidogo tu, niizime, kisha nimgongee kiganjani.